Gego la Papa Kakule na Chupa ya Mafuta ya Samaki

Siku ya kuniaga, ninyi wenzangu wa chumba cha meno mlinipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Kwa uzito wake nilidhani ni birika. Nikaifungua mbele ya watu wote, na ndani nikakuta chupa kubwa ya vidonge vya mafuta ya samaki. "Ni kwa ajili ya magoti yako, Mama," mmoja wenu alisema, na wengine mkapiga makofi. Nilishukuru, maana nililelewa vizuri. Lakini nimefanya kazi miongoni mwenu miaka mingi, na kama bado hamjui ninachofikiri juu ya chupa hizo, basi kosa ni langu. Nilikuwa nasema huku nimejifunga kitambaa mdomoni. Sasa nimekivua.

Naandika Kiswahili kwa sababu nusu yenu mmetoka mbali, na Lhukonzo, lugha ya hapa kwetu, hamuijui, na kwa sababu Kiswahili ndicho tulichozungumza na wagonjwa waliovuka mpaka kutoka Beni na Butembo. Mambo ya vyeo nayaacha. Aliyetaka kujua nilipandishwa lini aende akasome faili, kama panya wamebakiza kitu.

Nilianza kazi hapa hospitali ya Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nikiwa na viatu vipya vilivyonibana na cheti ambacho hakuna aliyeomba kukiona. Chumba kilikuwa na kiti kimoja cha chuma kisichoinama, kwa hiyo aliyeinama alikuwa mgonjwa. Taa ilikuwa dirisha. Mawingu yakishuka kutoka mlimani tulisimama na koleo mkononi tukingoja yapite, na mgonjwa naye alingoja mdomo wazi.

Mkuu wa chumba alikuwa Thembo, mtu mfupi mwenye viganja vipana. Kung'oa meno alijifunza jeshini, na baada ya kutoka jeshini aliletwa kwetu pamoja na sauti yake. Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Afande kwa madaktari, kwa wafagiaji, hata kwa padri alipokuja na jino lake. Maneno yake kwa mgonjwa yalikuwa matatu. "Kaa. Fungua. Nyamaza." La tatu lilikuwa la bure, kwa sababu mtu mwenye vidole vya mwenzake mdomoni hana la kusema.

Asubuhi ile ya kwanza alinipa koleo na mgonjwa mmoja, akakunja mikono. Nikalishika gego la yule mtu na kuvuta kwa nguvu zangu zote. Kiti kilisogea, mgonjwa akasogea pamoja nacho, jino likabaki pale pale.

"Wewe Mbambu," Afande alisema, "hiyo ni jino ao ni ng'ombe unatoa kwa tope?"

Akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono juu ya mkono. Akanionyesha kwamba unasukuma kwanza, chini kuelekea kwenye mzizi, kama mtu anayetaka kulirudisha lilikotoka. Halafu unatikisa polepole, nje, ndani, nje, mpaka mfupa wenyewe uchoke kulishikilia. Lilitoka bila kelele. Tangu siku hiyo sijavuta jino. Ninyi mnaovuta, nawajua, na mabega yenu yanawajua pia.

Somo lake kubwa zaidi halikuwa la mkono. Nilikuwa na wiki chache kazini alipokuja mama mmoja muuza mkaa. Nikamuuliza kama kitabu kilivyonifundisha: unatumia dawa yoyote? Akasema hapana. Nikamchoma ganzi, nikang'oa, na alipoinuka kwenye kiti akaanguka kama gunia. Alipozinduka tukajua kwamba jirani yake alikuwa anamgawia vidonge vyake vya shinikizo la damu, kila siku, kwa upendo.

"Nilimuuliza, Afande," nikajitetea.

"Uliuliza dawa. Hakuna mutu anajua anakula dawa. Dawa ni ile inatoka kwa daktari. Hii ingine yote ni zawadi." Akaosha mikono kwa muda mrefu. "Muulize hivi: tangu Jumapili, nini imeingia kwa mudomo? Kila kitu. Halafu nyamaza. Ngoja. Atasema."

Nikaanza kuuliza hivyo, na nikashangaa watu wanavyobeba duka zima tumboni. Tulipopelekwa Maliba, chini ya milima, kung'oa meno kwenye baraza ya shule, wakulima walishuka na mashavu yaliyovimba yakiwa yamefungwa majani. Walinitajia kila jani, wengine walitoa kipande mfukoni nikinuse. Mtu wa mlimani haoni aibu kwa jani lake. Waliokuja kunisumbua baadaye ni watu wa mjini wenye chupa zenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, kwa sababu hao waliamini kwamba kitu kizuri namna ile hakiwezi kuitwa dawa.

Afande alistaafu, akaenda kukaa kwa binti yake mtaa wa Nyamwamba, pale Kasese mjini. Mimi nikarithi chumba, na baadaye kiti kipya kinachoinama, na baadaye ninyi.

Hapo ndipo mafuta ya samaki yalipoingia. Sikuyajua kwa matangazo. Niliyajua kwa pua. Kazi yetu ni kuinamia midomo ya watu kutwa nzima, na hakuna siri inayokaa mdomoni. Kwanza alikuja mwalimu mmoja, nikasema huyu amekula samaki wa jana. Akaja karani wa benki, samaki wa jana. Akaja mke wa mchungaji, akapiga mbweu kwa adabu nyuma ya leso, na chumba kikanuka kama ufuko wa ziwa pale Katwe mitumbwi inapopakuliwa. Nikamuuliza kilichoingia mdomoni tangu Jumapili. Akatoa chupa mkobani, kwa fahari, kama anayetoa picha ya mjukuu.

Tangu siku hiyo niliwatambua wote kabla hawajakaa. Walikuwa wanacheua, tumbo linawaendesha, kiungulia kinawachoma, na wanaviita hivyo vyote "sumu inatoka." Ni usemi mzuri sana kwa muuzaji. Ukipata nafuu, mafuta yamefanya kazi. Ukiharisha, yamefanya kazi zaidi. Na nje ya lango letu, hatua thelathini kutoka kwenye kiti changu, walikaa wanawake na mabeseni ya samaki wa ziwa lenyewe, ngege na mamba, yaani kamongo, wakifukuza nzi. Watu waliwapita na kwenda kununua mafuta ya samaki wa bahari ambayo hakuna mmoja wao aliyewahi kuiona.

Kisha wauzaji wakaingia ndani. Nesi wa wodi ya wazazi alikuwa na chupa kwenye droo, chini ya kadi za chanjo. Alimpa mjamzito mmoja mafuta ya ini la samaki, akimwambia mtoto atakuwa na akili. Nikachukua chupa nikaisoma kwa miwani, kwa sababu inaonekana mimi ndiye niliyekuwa na miwani peke yangu katika jengo lile. Ilikuwa imeandikwa, kwa herufi ndogo, kwamba ina vitamini A nyingi na mjamzito asitumie bila kumwuliza daktari. Nikamwonyesha.

"Lakini ni samaki tu, Mama," alisema.

"Ni ini," nikamwambia. "Na wewe ni nesi."

Hakunisalimia mwezi mzima. Nilipumzika.

Nilikuwa katika hali hiyo ya kupigana na droo za watu siku mlango ulipofunguka akaingia Afande Thembo. Sikumtambua mara moja. Alivaa tai. Mkononi alikuwa na mkoba mweusi, na alitabasamu, jambo ambalo katika miaka yote tuliyofanya kazi sikujua kwamba uso wake unaliweza.

Nikamkalisha, nikamletea chai. Akaulizia watoto, akalisifu kiti kipya, akafungua mkoba. Akaweka chupa juu ya meza, kati ya koleo zangu zilizotoka kuchemshwa.

"Afande, hapana," nikasema.

"Sikiliza kwanza. Hii ni ya moyo. Ya macho. Ya viungo. Inasafisha damu."

"Damu inasafishwa na figo. Wewe ndiye uliyenifundisha kutowaamini watu wa kusafisha damu."

"Wakati ule hatukuwa na semina."

Alinieleza juu ya semina. Kila Jumamosi, kwenye ukumbi karibu na stendi ya taksi Kasese, watu walikusanyika, wengine wakatoa ushuhuda, na yeye aliitwa mbele kama mtu wa hospitali. Alinieleza jinsi watu wanavyosimama anapoingia. Nikaelewa haraka kuliko alivyotaka. Nyumbani kwa binti yake hakuna aliyesimama. Wajukuu walimwambia apunguze sauti ya redio.

Nikamrudishia chupa yake. Nikamwambia kwamba kama anatafuta mtu wa kumsafisha damu, aende kwa nesi wa wodi ya wazazi, wana mengi ya kuzungumza. Alifunga mkoba, akanywa chai yote mpaka majani, akaondoka. Nilijiona nimeshinda. Nawaambia hivyo mjue jinsi ushindi wangu ulivyokuwa mdogo, kwa sababu alipotoka kwangu alishuka barabara mpaka soko la mpakani, Mpondwe, na wateja aliowapata huko walikuwa wagonjwa wetu wa zamani, yaani watu waliomwamini tangu alipowaondolea maumivu.

Mmoja wao alikuwa Papa Kakule. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, alikuja Bwera kipindi cha mapigano na akabaki. Mtu mkubwa, mpole, mwimbaji wa besi katika kwaya ya Wakatoliki. Mwaka mmoja kabla ya haya damu ilimganda mguuni, akalazwa muda mrefu, na tangu wakati huo alikuwa anameza warfarin, dawa inayozuia damu isigande. Mtu wa dawa hiyo anapimwa damu mara kwa mara, kwa sababu ikipungua anaganda na ikizidi anavuja. Papa Kakule alijua hayo vizuri. Alitembea na kadi yake ya vipimo kwenye bahasha ya nailoni.

Alikuja kwangu Jumanne moja asubuhi, shavu limevimba, machozi yanamtoka. Gego la chini lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi. Akatoa kadi bila kuombwa. Kipimo cha mwisho kilikuwa kizuri kabisa. Kilikuwa pia cha wiki tatu nyuma.

Sasa nafika mahali ambapo dharau yangu inabidi inielekee mimi. Utaratibu unasema kipimo kiwe cha siku chache tu. Nilijua. Lakini kipimo hicho kilikuwa kikifanyika Fort Portal, mji wa mbali, mtu alikuwa analia, foleni ilikuwa mpaka uani, na mimi nilikuwa fundi wa miaka mingi ambaye meno yanamtii. Nikamuuliza, "Papa, dawa nyingine?" Akasema, "Ya pressure tu, Mama." Nikauliza, "Na za kienyeji?" Akatikisa kichwa. Sikuuliza kuhusu Jumapili. Niliuliza kama kitabu, kwa sababu nilikuwa na haraka, na haraka ndiyo inayoandika vitabu vya namna ile.

Jino lilitoka vizuri. Nikaweka pamba, nikamwambia aume kwa nguvu nusu saa. Nikatazama, damu imetulia. Nikashona nyuzi mbili kwa tahadhari, nikamruhusu.

Kesho yake, kabla sijafungua dirisha, mke wake, Mama Kavira, alikuwa mlangoni ameshika beseni la plastiki lililofunikwa kitenge. Nyuma yake Papa Kakule alikuwa ameegemea ukuta, rangi ya uso wake imekuwa kama majivu.

"Mama, damu inakataa kusimama," Mama Kavira alisema, na akafunua beseni.

Sitaeleza kilichokuwemo. Nimeona damu nyingi, na ile ilikuwa nyingi. Nikamlaza, nikafungua mdomo. Shimo la jino lilikuwa linajaa taratibu, kama chemchemi, bila haraka yoyote. Nikatoa donge, nikaweka pamba mpya, nikabana kwa kidole. Nikahesabu dakika ishirini. Nikainua kidole, damu ikarudi. Nikashona upya. Tundu la sindano lenyewe likaanza kuvuja.

Nikamwita daktari wa wodi, msichana mtulivu kutoka Lira ambaye wengi wenu mnamkumbuka. Alimgusa mkono, akapima shinikizo, akaagiza damu na sindano ya vitamini K. Kisha akanitazama.

"Kipimo cha damu kilikuwa cha lini, Mama Mbambu?"

"Wiki tatu."

Akaiandika kwenye faili. Ningependelea anikaripie.

Nikamgeukia Mama Kavira. "Tangu Jumapili, nini kimeingia mdomoni mwake? Kila kitu."

Nikanyamaza. Nikangoja, kama nilivyofundishwa, siku moja nimechelewa.

"Alikula ugali," alisema. "Na sombe ya muhogo. Na chai. Na ile ya jino."

"Ipi ya jino?"

"Aspirini. Alinunuaka kwa duka, juu ya maumivu. Vidonge ine asubuhi, ine jioni. Siku tatu."

"Papa," nikamwambia yule mtu kitandani, "nilikuuliza dawa."

Alizungumza kwa shida na pamba mdomoni. "Hiyo ilikuwa ya jino, Mama. Haikuwa ya miye."

"Kingine?"

Mama Kavira alifikiri, akatikisa kichwa, kisha akafungua mkoba kutafuta leso. Nikaona kifuniko cha rangi ya dhahabu.

"Na hiyo?"

"Hii?" Alishangaa kweli. "Hii haiko dawa. Iko samaki."

Alikuwa anameza vidonge kumi asubuhi na kumi jioni. Karatasi ya chupa ilisema viwili. Lakini aliyemuuzia alimwambia kwamba mtu ambaye damu yake imewahi kuganda anahitaji zaidi, na kwamba akiendelea hivyo, siku moja ataweza kuachana na dawa za hospitali. Nikauliza ni nani aliyemwambia hayo. Mama Kavira alijibu kwa heshima, kama anayetaja jina la mtakatifu.

"Ni Afande. Yeye njo alimutoaka jino ya kwanza."

Daktari aliniita pembeni. Nilitaka aniambie kwamba mafuta ndiyo yaliyomuua, maana nilikwisha kumwona amekufa, na nilitaka mkosaji. Hakunipa.

"Mwizi mkubwa hapa ni aspirini juu ya warfarin," alisema. "Mafuta kwa kiasi kile yanailegeza damu kidogo. Yalimshikia mwizi ngazi."

"Kwa hiyo hayana faida yoyote."

"Sikusema hivyo. Kuna watu wenye mafuta ya aina fulani mengi sana kwenye damu, hao daktari anaweza kuwaandikia, kwa kipimo, na yanasaidia. Kuna wenye maumivu ya viungo wanaosema wanapata nafuu kidogo. Na kiasi kikubwa kinaweza kuuharibu mpigo wa moyo, moyo ule ule wanaodai yanautibu." Akavua glavu. "Samaki sahani mbili kwa wiki, Mama. Hapo sina ugomvi na mtu. Na hakuna anayenipigia makofi nikisema."

Nilimpigia Afande simu. Sikumsalimia. Nilisema, "Papa Kakule wa vitenge anavuja damu. Njoo uone semina yako." Nikakata.

Alikuja kabla ya saa sita, kwa boda kutoka Kasese, bila tai, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliingia wodini, akatazama lile beseni, akatazama chupa ya damu iliyoning'inia. Akaosha mikono. Akaniambia, "Ondoka hapo," nami nikaondoka, kwa sababu miguu yangu ilimtii kabla sijaikataza.

Akaloweka kipande cha bendeji kwenye dawa ya kugandisha damu ambayo daktari alikuwa ameifungua, akakikunja kidogo kama msokoto wa sigara, akakisukuma ndani ya shimo, na kukibana kwa kidole gumba. Mkono wake wa kushoto ulishika taya kwa chini. Akakaa hivyo. Mama Kavira alimletea kiti, hakukiona. Nilimwambia nimpokee, hakunisikia. Ndivyo alivyofanya mchana ule wote, akiachia kidogo, akitazama, akibana tena, huku damu ya mtu mwingine ikishuka tone kwa tone kwenye mkono wa Papa Kakule.

Niliona kidole gumba chake kimeanza kupauka kwa kubana. Nilipaswa kumhurumia. Badala yake nikasema, "Ulimuuliza anameza nini?"

Alibana bendeji zaidi.

"Sikumuuliza."

"Wewe?"

"Kule semina hatuulizi. Kule tunasema." Hakuondoa macho kwenye shimo la jino. "Alisema mguu unauma. Nilisema kumi. Watu walikuwa wanasikiliza. Kumi ni namba nzuri."

"Na wewe mwenyewe unameza ngapi?"

"Mimi?" Alionekana kuona haya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Mimi sizimezi. Zinanifanya nicheue."

Ningecheka kama ningekuwa mahali pengine. Papa Kakule aliyasikia yote, macho yamefumba. Sikujua kama alielewa. Saa kumi alasiri Afande aliondoa kidole, tukangoja sote pamoja na daktari, na shimo likabaki jeusi, limetulia. Afande alijaribu kunyoosha kidole gumba chake na hakikunyooka. Ilibidi nikikande kwa maji ya moto.

Papa Kakule alikaa wodini siku nane. Aliongezewa damu mara mbili. Alirudi dukani mwembamba, besi yake imepungua hata kwaya nzima ikasikia. Mimi niliandika taarifa juu ya kipimo cha wiki tatu, kwa mkono wangu, na nikaipeleka mwenyewe. Nililaumiwa kwa haki. Kuanzia hapo hakuna mtu wa warfarin aliyekaa kwenye kiti changu bila kipimo kipya, hata alie kiasi gani, na mlioniona mkali juu ya hilo sasa mnajua.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja Papa Kakule akaja chumbani, amenona tena, akanialika Kasese Jumamosi. Alisema ana jambo la kushukuru mbele ya watu. Nilidhani ni kanisani. Ilikuwa ni ule ukumbi karibu na stendi ya taksi. Afande alikuwa amekaa safu ya nyuma, kofia magotini. Naye alikuwa amealikwa. Alikuwa ameacha kuuza tangu siku ile, na watu wa safu ya mbele hawakumgeukia.

Papa Kakule alipanda jukwaani na chupa mkononi.

"Wandugu," alisema, "mimi nilitokaka damu mingi, hata daktari alishangaa. Mutu mwingine angekufa. Lakini moyo yangu haikusimama. Kwa sababu gani? Kwa sababu ilikuwa na mafuta."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Afande akasimama. Aliitumia ile sauti ya zamani, na makofi yakakatika. "Huyo mutu, ni mimi nilikaribia kumuua," alisema. "Nilimpa kumi. Yeye alikuwa na dawa ya damu, sikumuuliza. Alivuja siku nzima. Hii mafuta haikumuponyesha. Kama uko na dawa ya hospitali, usimeze hii mpaka umuulize daktari. Nimemaliza."

Kisha kiongozi wa semina, kijana mwenye suti ya kung'aa, akanyanyua kipaza sauti. "Tumshukuru mzee wetu kwa ushuhuda," alisema, "ametuonyesha jinsi mafuta haya yalivyo na nguvu." Wakampigia makofi na yeye pia. Wengine walisimama. Afande alitazama watu waliosimama kwa ajili yake, akavaa kofia, akatoka.

Nilimfuata. Tulikuwa tumefika kwenye ngazi za nje Papa Kakule alipotukimbilia, anahema, chupa bado mkononi.

"Mama, umenikasirikia?"

"Papa, ulikuwa umelala pale ukisikia kila neno. Unajua kilichokutoa damu. Unajua kilichoisimamisha. Ni kidole cha huyu, na damu ya mtu mwingine. Kwa nini unashukuru chupa?"

Alifikiri. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mwongo, na ndiyo maana jibu lake limenikaa.

"Mutu akipona, Mama, lazima ashukuru kitu."

"Basi mshukuru aliyekupa damu."

"Ningemushukuru," alisema Papa Kakule kwa upole. "Lakini ule mutu sikumuonaka." Akaitazama chupa, akatushika mkono mmoja mmoja, akarudi ndani walikokuwa wanamwita.